Kisanduku au Kompyuta? Mazungumzo kwa Walioko Xintang na Waliobaki Nyumbani

  

Leo nina mada moja tu, na inawahusu zaidi ndugu zetu wa Xintang. Kwa asiyepajua, Xintang ni mji wa jinzi. Uko mashariki mwa Guangzhou, China, katika wilaya ya Zengcheng, kando ya mto Dongjiang. Huko jinzi hukatwa, hushonwa, hufuliwa na kufungwa marobota. Suruali uliyovaa sasa hivi, uwe Kariakoo au Eastleigh, usishangae ukiambiwa ilizaliwa huko. Wageni wetu wengi hufikia Xiaobei, katikati ya jiji, lakini anayefuata jinzi zenyewe hupanda treni ya laini ya 13, iliyofunguliwa Desemba 2017, mpaka Xintang. Na wapo walioona kwenda na kurudi kunachosha, wakakodi chumba hukohuko.

Sasa ukishakodi chumba, maisha yanaanza. Jioni unataka kutazama harusi ya mdogo wako uliyoikosa. Unataka taarabu yako, unataka filamu za kwenu, unataka watoto waijue sura ya bibi yao. Hapo ndipo linapozuka swali: ninunue kile kisanduku cha kuhifadhi wanachokiita NAS, au nitumie kompyuta tu?

Na nyuma ya swali hilo lipo la pili, ambalo wengi hawalitamki: kule nyumbani nilikowaacha, niwapelekee kipi? Maana mtu huyu ana nyumba mbili. Naomba ulishike hilo, msikilizaji, la nyumba mbili. Nitalirudia.

Tuanze na vitu vyenyewe. NAS ni kisanduku kidogo cha kukaa juu ya rafu, chenye nafasi za diski ndani, mara nyingi mbili au nne. Hakina kioo wala kibodi. Unakichomeka kwenye ruta kwa waya, unakiwasha, na kila simu, kila kompyuta, kila televisheni iliyo kwenye mtandao wa nyumba hiyo inaweza kuchota humo picha, nyimbo na video. Majina yanayojulikana ni Synology na QNAP za Taiwan, na siku hizi UGREEN ya Shenzhen, ambayo wengi mnaijua kwa chaja na nyaya zake. Kisanduku hiki ni kama friji: kikishachomekwa, hakuna anayeuliza leo nani kakiwasha.

Na kompyuta? Kompyuta mnaijua. Lakini leo ninaposema kompyuta nina maana ya ile yoyote uliyonayo: ya mezani iliyozeeka, ya mkononi iliyovunjika bawaba, au zile ndogondogo mpya zenye kichakata cha Intel N100, zinazojaa madukani Huaqiangbei, kule Shenzhen. Ukiiwekea programu kama Jellyfin, ambayo ni ya bure, nayo itagawa filamu na picha nyumba nzima. Kwa hiyo kompyuta inaweza kazi ya kisanduku. Na kisanduku chenyewe, tukisema kweli, ni kompyuta iliyonyimwa kioo. Basi tofauti iko wapi? Muuzaji wa soko la kompyuta la Gangding, kule Tianhe, Guangzhou, atakupa jibu kulingana na kilichojaa kwenye rafu yake. Mimi sina rafu, kwa hiyo nisikilize.

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili ni zito zaidi ukiwa Xintang kuliko ukiwa Temeke, Dar es Salaam. Mtu wa Temeke akipiga picha, simu yake yenyewe inazipeleka Google. Akitaka wimbo, anafungua YouTube. China bara, YouTube imefungwa tangu 2009, na huduma za Google nazo hazifunguki bila njia za kuzunguka, ambazo leo zinakubali na kesho zinagoma. Video ya harusi ikija kwa WeChat imebanwa mpaka sura ya bibi harusi imefifia. Ongeza kwamba hata huku kwetu Google Photos iliacha kutunza picha bila kikomo tangu Juni 2021, sasa unapewa jigabaiti 15 za bure kwa barua pepe, picha na kila kitu, na ukizijaza unalipa. Kwa hiyo aliyeko Xintang analazimika kuwa na ghala lake mwenyewe.

Na ghala hilo ni kubwa kiasi gani? Usiogope. Saa moja ya video ya simu, ile ya ubora wa 4K, ni kama jigabaiti 10. Diski ya tera 4 itakubebea saa mia nne hivi. Harusi zote za ukoo zitaenea, na nafasi ya maulidi ibaki.

Haya, tuingie kwenye uamuzi. Ghala la nyumbani lina kazi mbili: kutunza na kuonyesha. Watu huzichanganya, na duka huzichanganya kwa makusudi. Nasema tena, kutunza na kuonyesha. Kutunza ni kuhakikisha video ya harusi ipo baada ya miaka kumi. Kuonyesha ni kuhakikisha inacheza leo usiku kwenye televisheni.

Kwenye kuonyesha, kompyuta haina mpinzani. Simu za iPhone, tangu mfumo wao wa mwaka 2017, hurekodi video kwa mtindo uitwao HEVC ili faili liwe dogo. Televisheni za zamani hazikijui kitu hicho. Unafungua faili, unasikia sauti bila picha, au unaambiwa halisomeki. Kompyuta iliyochomekwa kwenye televisheni kwa waya wa HDMI, ikiwa na programu ya VLC, inacheza karibu kila unachoitupia. Kisanduku kikiwa cha bei ya chini, chenye kichakata dhaifu, kitajaribu kuigeuza video ile papo hapo ili televisheni iielewe, na utaona picha inakwama, inaruka, inakwama tena. Wageni wameshakaa, juisi imeshamiminwa, na bwana harusi ameganda na mguu hewani.

Kwa hiyo ndugu yangu wa chumba kimoja Xintang, wewe chukua kompyuta. Sina kigugumizi hapo. Upo mwenyewe, ikigoma unaizima na kuiwasha. Mkataba wa chumba ukiisha, unaitia begani na kuondoka. Zile ndogo za N100 hula umeme kidogo sana na zinawekwa nyuma ya televisheni zisionekane. Kama una kompyuta ya zamani yenye Windows 10, jua kwamba Microsoft walisitisha huduma ya mfumo huo Oktoba 2025, na ndiyo sababu mashine nyingi nzima zinauzwa kwa bei ya kutupa. Uwe nayo au uinunue, ondoa Windows, weka Linux, itakutumikia miaka. Ila kama chumba chako kiko juu ya karakana ya kushona, fungua feni yake mara kwa mara uondoe nyuzi na vumbi la pamba. Jinzi zinatulisha, lakini vumbi lake halina huruma na mashine.

Sasa twende kwenye ile nyumba ya pili. Tuseme iko Tabata, Dar es Salaam. Yupo mama, wapo watoto watatu, yupo mjomba anayekuja mwisho wa wiki. Wewe uko umbali wa safari ya ndege ya usiku kucha. Je, uwaachie kompyuta?

Hapa nauliza swali ambalo ndilo moyo wa mazungumzo haya: nani anabaki na mashine? Usiniulize ina kasi gani, ina diski ngapi. Ikizima saa tatu usiku, nani anaiwasha? Ikidai nywila, nani anaijua? Ikiandika maneno ya Kiingereza kwenye kioo cheusi, nani atayasoma?

Kompyuta nyumbani ina wenyewe wengi. Mtoto ataitaka kwa masomo, kisha kwa mchezo. Mjomba atachomeka flashi yake iliyotoka kwa mchoma filamu wa mtaani, nayo itakuja na virusi vyake. Windows itajizima katikati ya tamthilia ijisasishe. Siku moja mtu ataona nafasi imejaa, atafuta folda moja kubwa asiyoijua, na folda hiyo ndiyo miaka sita ya watoto wako. Hakuna aliyekosea hapo. Kitu chenye kazi nyingi hushikwa na mikono mingi.

Kisanduku hakishikwi. Hakina kioo cha kuchungulia wala mchezo wa kucheza. Umeme ukikatika na kurudi, ukikipangia tangu mwanzo, kinajiwasha chenyewe. Ukikiunganisha na UPS, kile chombo cha betri ya akiba, kwa waya wa USB, kinajua umeme umekatika na kinajizima kwa adabu kabla betri haijaisha. Mama anaona taa mbili za kijani, basi. Zikiwa nyekundu, anapiga picha na kukutumia. Hiyo ndiyo kazi yote anayotakiwa kujua, na ndiyo sababu nyumba ya Tabata, kwa maoni yangu, inastahili kisanduku hata kama kina bei kubwa kuliko kompyuta ya mtumba.

Kuna na jambo la LUKU, yaani umeme tunaonunua kwa uniti. Kompyuta ya mezani iliyoachwa ikiwaka usiku na mchana, ikila wati 60 tu, inamaliza uniti kama 43 kwa mwezi. Kisanduku cha diski mbili kikila wati 20, ni uniti 14 au 15. Tofauti hiyo kwa nyumba kubwa si kitu. Lakini kwa aliye kwenye daraja la D1, wale wa matumizi madogo wenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, kompyuta hiyo peke yake imekula zaidi ya nusu. Mama akivuka ukomo huo atahamishwa kwenye bei ya juu asijue kosa ni la mashine iliyoko chini ya meza. Jihadhari nalo.

Utaniuliza, na kompyuta ya mkononi ya zamani je? Ina betri yake, umeme ukikatika haitetereki, na hula kidogo. Ni hoja nzuri. Ila betri inayochajiwa mwaka mzima bila kupumzika huvimba, nimeona iliyoinua kibodi mpaka vitufe vikatoka. Kwa chumba cha Xintang, ambako upo unaiangalia, sawa. Kwa nyumba usiyoiona, sipendekezi.

Msikilizaji, kama umejiunga nasi sasa hivi, tunazungumzia kutunza video na picha za familia, na tumesema hivi: chumba cha mtu mmoja anayeijua mashine, kompyuta. Nyumba ya wengi asipokuwepo fundi, kisanduku.

Lakini msidhani kisanduku kina baraka. Juni 2021 watu wengi duniani walioweka picha zao kwenye My Book Live, visanduku vya kampuni ya Western Digital, waliamka wakakuta vimefutwa vyote. Mtu wa mbali alipita kwenye intaneti akaviamuru vijifute, kwa sababu vilikuwa vimeacha kupokea masasisho tangu 2015. Na Januari 2022 wezi waliojiita Deadbolt waliingia kwenye visanduku vya QNAP, wakafunga mafaili kwa kufuli ya siri, wakadai bitcoin. Wote hao walipitia mlango mmoja: mashine ilikuwa imeachwa wazi kwa intaneti. Kwa hiyo usifungulie kisanduku chako mlango wa nje ati ili ukiwa Xintang utazame kilichoko Tabata. Kwanza njia yenyewe kutoka China ni nyembamba na inazibwa. Pili, unamfungulia na usiyemjua. Hata programu zilizorahisisha jambo hilo zimeanza kulipisha: Plex mwaka 2025 walipandisha ada na kufanya kutazama ukiwa mbali na nyumba kuwa kwa malipo.

Na lile la diski pacha. Muuzaji atakwambia: weka diski mbili, zitaandika kitu kilekile, moja ikifa nyingine ipo. Ni kweli. Lakini mtoto akifuta, anafuta kwenye zote mbili kwa sekunde ileile. Radi ikipiga, inapiga zote mbili. Mwizi akibeba kisanduku, hakuachii pacha mmoja. Diski pacha inakukinga na diski kufa, basi. Nakala ya kweli ni ile iliyo kwenye nyumba nyingine. Na wewe una nyumba mbili! Watu wa kukaa mahali pamoja wanahangaika kutafuta pa kuweka nakala ya pili, wewe Mungu amekupa Xintang na Tabata. Nilisema nitalirudia la nyumba mbili, na ndilo hili.

Kuhusu ununuzi, niseme maneno machache yenye uchungu. Mwaka 2021 iliibuka sarafu ya mtandaoni iitwayo Chia, ambayo huchimbwa kwa kujaza diski. Watu wakanunua diski kwa malori, China hasa. Biashara ilipodorora, diski hizo zilizochoka zikarudi sokoni. Januari 2025 chombo cha habari cha Ujerumani, Heise, kiliripoti kwamba diski za Seagate zilizotumika zilikuwa zinauzwa kama mpya, saa zake za kazi zimefutwa, na shaka ikaelekezwa kwenye mashamba ya Chia ya China. Yaliwafika Wajerumani wenye risiti na dhamana. Wewe unayenunua kwa haraka kabla ya ndege ya jioni utaponea wapi? Nunua mapema, uwe na siku za kuijaribu. Ijaze diski yote kwa mafaili, kisha uyasome tena. Programu za H2testw na F3 hufanya kazi hiyo, na hufichua pia zile flashi zilizoandikwa tera 2 kumbe ndani ni kidogo.

Na visanduku vya soko la ndani la China, vile vya bei nzuri sana, viangalie lugha. Vingi ni Kichina kitupu, vinadai namba ya simu ya China kufungua akaunti, na programu yake ya simu haipatikani huku. Kwako Xintang unaweza kuvumilia. Mama wa Tabata utampa namba gani? Ulizia toleo la kimataifa, na umwambie muuzaji akuwashie ukiwa hapohapo mpaka uone maneno unayoyasoma.

Jambo jingine ni unyevu. Waliokaa Guangzhou majira ya kuchipua wanaijua huinantian, siku ambazo upepo wa joto wa kusini unakutana na kuta zilizopoa na nyumba nzima inatoka jasho: sakafu, vioo, hata ukuta wa chumbani. Diski iliyozimwa na kufungiwa kabatini siku hizo inapata ukungu. Inayowaka ina joto lake, haishiki maji kirahisi. Kwa hiyo ukisafiri wakati huo, diski ya akiba ifungie kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya makatoni ya viatu. Watu wa Unguja na Mombasa, na chumvi yenu ya baharini, hili linawahusu vilevile.

Sasa kusafirisha. Kisanduku kitupu kitie kwenye mzigo wa kontena na marobota yako, hakuna neno. Diski usizitie. Zitoe, ziviringe kwenye nguo laini, ingia nazo ndegeni mkononi. Kontena hurushwa, hupigwa jua bandarini, na hukaa wiki. Diski yenye sahani inayozunguka haipendi hata moja kati ya hayo. Chaja ya kisanduku kwa kawaida hukubali umeme wetu, ila plagi ya China haiingii kwenye soketi zetu za miguu mitatu, kwa hiyo nunua adapta ya maana, usichomekee kijiti.

Ratiba yangu kwa mwenye nyumba mbili ni hii. Ukija likizo, njoo na diski iliyojaa ya Xintang, inakili kwenye kisanduku cha Tabata. Kabla hujarudi, nakili kisanduku kwenye diski hiyohiyo urudi nayo. Usiku wa kuamkia safari, fungua video tatu kutoka kwenye nakala mpya, moja ya zamani, moja ya katikati, moja ya juzi, uzitazame mpaka mwisho zikicheza. Hata moja tu ikikataa kufunguka, nakili upya, maana ukishapita uwanja wa ndege wa Baiyun, Guangzhou, ukiwa na diski mbovu hakuna wa kukusaidia. Nywila ya kisanduku iandike kwenye karatasi, mpe mama aiweke anapoweka hati ya kiwanja.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha kidole. Kipindi kijacho tutazungumza kuhusu UPS na stebilaiza, kwa nini moja haiwezi kazi ya nyingine, na kwa nini ile unayouziwa kwa ajili ya friji haifai kompyuta.